"Newish": Si Mpya, Wala Si Kuukuu

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa walimu wa lugha na watumishi wa ofisi za umma.



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya neno moja tu la Kiingereza. Bila shaka baadhi yenu, mlipouona mwaliko, mlijiuliza kama yafaa watu wenye kazi nyingi kuacha majalada yao na madaftari ya wanafunzi wao ili waje kusikiliza habari za neno moja dogo. Swali hilo ni la haki. Lakini neno hili liliwahi kunitia aibu mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, na tangu siku ile nimelichukulia kwa uzito. Neno lenyewe ni "newish".

Nilikuwa mwalimu kijana. Kamati ya shule yetu ilikuwa imekusanya michango ya wazazi ili tununue mashine ya kurudufu mitihani, maana tulikuwa tumechoka kwenda kuomba msaada kwa jirani kila muhula. Mfanyabiashara mmoja akatuandikia barua ya Kiingereza akieleza mashine aliyokuwa nayo. Kwa kuwa mimi ndiye niliyefundisha Kiingereza, niliombwa kuwasomea wajumbe barua ile kwa Kiswahili. Nilipolifikia neno "newish" sikusita hata kidogo. Nikasema, "Mashine ni mpya." Wajumbe wakaridhika, fedha zikatolewa, na mashine ikaletwa. Kumbe rangi yake ilikuwa inang'aa, lakini rola zake zilikuwa zimelika. Mitihani ya muhula ule tuliiandika ubaoni kwa chaki.

Mzee mmoja, mjumbe wa kamati, akaniita kando. Hakufoka. Aliniuliza tu: "Mwalimu, barua ndiyo iliyosema mpya, au ni wewe uliyesema mpya?" Niliichukua barua ile nikaisoma tena, nikakosa la kumjibu. Mfanyabiashara hakuwa amesema kuwa mashine yake ni mpya. Aliyesema hivyo alikuwa mfasiri, na mfasiri alikuwa mimi.

Asili ya neno

Ndugu walimu, neno "newish" lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni "new", yaani -pya, neno la kale lenye ndugu zake katika lugha nyingi: Kijerumani husema "neu", Kilatini kilisema "novus", na Kigiriki cha kale kilisema "neos". Sehemu hii haina matata. Matata yote yamo katika sehemu ya pili, yaani kile kiambishi kidogo cha mwisho, "-ish".

Kiambishi hiki kilianza kazi yake kwa heshima kubwa. Katika Kiingereza cha kale kilitumika kutaja asili ya watu na vitu vyao, na mpaka leo twakiona katika maneno kama "English", "Danish" na "British". Hapo hakina shaka yoyote ndani yake. Kitu cha Kidenmaki ni cha Kidenmaki, basi. Baadaye kiambishi kikabandikwa kwenye majina ya kawaida, na mara nyingi kikaingia na dharau. Mtu mzima akiitwa "childish" ametukanwa kuwa ana mambo ya kitoto, ingawa akiitwa "childlike" huenda amesifiwa kwa unyofu wa moyo wake. Maneno yote mawili yametokana na mtoto yule yule, ila mikia yake ni mbalimbali.

Ndipo, kuelekea mwisho wa Zama za Kati, kiambishi hiki kikaanza kushikana na majina ya rangi. Waingereza wakapata "reddish" na "bluish", yaani rangi inayoelekea wekundu au inayoelekea ubuluu bila ya kufika. Kutoka kwenye rangi kikahamia kwenye urefu, umri na ukubwa, yakapatikana maneno kama "longish", "oldish" na "youngish". Neno "newish" lenyewe limekuwamo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 16. Kwa hiyo neno linalosema kwamba kitu ni kipya kiasi limekwisha kupita umri wa miaka mia nne.

Katika karne ya 20 mambo yaliendelea. Kiambishi kilishikana na saa, na watu wakaanza kuagana kukutana "sevenish", nasi tungesema saa moja hivi. Hatimaye katika mazungumzo ya Waingereza kikajitenga na neno lake na kusimama peke yake. Mtu anaulizwa kama gari lake ni jipya, naye anajibu kwa neno moja tu: "Ish." Hapo hakuna tena kivumishi kilichobaki, kilichobaki ni kusitasita kwenyewe.

Lasema nini hasa

Basi, kitu kikiitwa "newish" kimesemwa nini? Mimi naona kwamba kimesemwa mambo matatu kwa pamoja.

Jambo la kwanza ni kwamba kitu hicho si kipya. Hili ndilo nililolipuuza mimi siku ile. Mwingereza aliye na kitu kipya kabisa hana haja ya kuongeza kiambishi. Atasema "new", na akitaka kutia mkazo atasema "brand-new". Neno hili la mwisho lina picha nzuri ndani yake, kwa maana "brand" ni kinga cha moto, nacho kitu kilichoitwa hivyo kilikuwa kama kimetoka sasa hivi katika tanuri la mhunzi. Shakespeare alitumia neno la jamaa hiyo hiyo, "fire-new". Kitu kilicho "newish" kimekwisha kupoa.

Jambo la pili ni kwamba kipimo chake hutegemea kitu kinachotajwa. Simu iliyo "newish" huenda ina mwaka mmoja. Nyumba iliyo "newish" katika mji wa kale huenda ina miaka ishirini. Mkate ulio "newish" hautamaniki kwa mtu yeyote. Kwa sababu hiyo neno hili haliwezi kutafsiriwa kabla ya kujua linasema juu ya kitu gani.

Jambo la tatu ni kwamba msemaji amejiachia nafasi. Hakujifunga kwa mwezi wala kwa mwaka. Huenda amefanya hivyo kwa uaminifu, kwa kuwa hajui hasa, na hataki kudai asilolijua. Huenda pia amefanya hivyo kwa ujanja, kwa kuwa anajua sana, na hataki tujue. Neno lenyewe halisemi ni lipi kati ya hayo mawili, na kutulia kwa msikilizaji hakutoi dhamana yoyote.

Yafaa pia tulitenge neno hili na majirani zake, maana wanafunzi wetu huyachanganya. Neno "recent" ni rasmi zaidi, nalo hufaa kwa matukio: ajali, mkutano, uchaguzi, barua. Mwingereza hasemi ajali ni "newish". Ajali haichakai wala haikai ikatumika. Neno "newfangled" lina kejeli ndani yake, kwani humcheka mtu anayekimbilia kila kilicho kigeni. Maneno "nearly new" ni ya sokoni, nayo aghalabu husema kwa upole kwamba kitu kimekwisha kuvaliwa au kuendeshwa na mtu mwingine. "Newish" ni la mazungumzo, la barua kwa rafiki na la makala nyepesi. Halina nafasi katika sheria, mkataba, taarifa ya ukaguzi, wala kumbukumbu za mkutano. Mwanafunzi akilitumia katika insha ya mazungumzo apewe haki yake. Akilitumia katika ripoti asahihishwe.

Mpya hudumu mpaka lini?

Mtu aweza kuuliza kwa nini Waingereza hawakutosheka na neno "new" peke yake. Jibu ni kwamba neno hilo likibandikwa kwenye kitu huelekea kuganda. Mjini Oxford kuna chuo kiitwacho New College, yaani Chuo Kipya, nacho kilianzishwa mwaka 1379. Mjini Paris kuna daraja liitwalo Pont Neuf, yaani Daraja Jipya, lililoanza kujengwa mwaka 1578 na kukamilika mwaka 1607. Daraja hilo jipya ndilo la zamani kupita yote yanayosimama leo juu ya mto Seine mjini humo. Upya ulipokwisha, jina lilibaki.

Sisi nasi tunayo mifano yetu. Mwaka 2012 mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilianzishwa, na mwaka 2016 ukafuata Mkoa wa Songwe. Kwa muda mrefu baada ya hapo barua na hotuba ziliendelea kusema "mikoa mipya". Lakini mtoto aliyezaliwa Geita mwaka ule wa 2012 hajapata kuujua mkoa mwingine; kwake mkoa ule si mpya hata kidogo. Mwingereza angetumia "newish" hapo, na angetumia vizuri. Ila mtumishi anayeandaa taarifa ya takwimu hawezi kusema "mikoa mipya" wala "mikoa mipya kiasi" akadhani ameeleza. Aandike: mikoa iliyoanzishwa mwaka 2012 na baadaye. Maneno ni machache, na hayachakai.

Kiswahili chasemaje?

Sasa tuje nyumbani. Wako watu wanaosema kwamba Kiswahili hakiwezi kulieleza neno kama hili kwa sababu hakina kiambishi cha namna ile. Ni kweli kwamba kiambishi hatuna. Si kweli kwamba uwezo hatuna.

Kwanza, tunako kurudia neno. Kitu chenye majimaji si maji, ila kina unyevu wa kuelekea maji. Mtoto anayelialia hajalia kilio kamili. Kurudia huko hufanya kazi iliyo karibu sana na ile ya "-ish". Lakini tuwe waangalifu, kwani si kila neno hulegea likirudiwa. Tukisema "mambo mapya mapya" hatusemi kwamba mambo hayo ni mapya kidogo. Twasema kwamba yanakuja moja baada ya jingine. Mwalimu atakayefundisha kwamba "newish" ni "mpya mpya" atakuwa amepotosha.

Pili, tunalo neno "hivi". Twasema saa saba hivi, watu kumi hivi, miaka miwili hivi. Hebu tutazame neno hili lilivyo na adabu. Halipendi kulegeza sifa ya kitu. Hupenda kukaa baada ya hesabu. Mswahili hasemi "gari jipya hivi". Husema "gari la mwaka mmoja hivi". Hapo msikilizaji amepewa kipimo kwanza, kisha ameambiwa kwamba kipimo hicho si cha kukatwa kwa wembe. Mwingereza kwa neno lake amelegeza upya wenyewe na kutuacha bila ya hesabu. Kwa hiyo tafsiri nzuri ya "newish", mahali ambapo umri wa kitu wajulikana, ni kutaja umri na kuongeza "hivi". Na mahali ambapo umri haujulikani, mfasiri hana budi kuuliza.

Tatu, tunayo maneno ya wakati. Tunayo jana, juzi, majuzi na juzijuzi, kila moja likienda mbali kidogo au likilegea kidogo kuliko jirani yake. Mbele yetu tunayo kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Lugha iliyojaliwa ngazi kama hii haiwezi kusemwa kwamba haijui kupima wakati. Mwalimu aliyehamia shuleni miezi michache iliyopita, ambaye Mwingereza angemwita "newish", sisi twasema amekuja juzijuzi, na kila mtu anaelewa.

Hata wahenga walilitazama jambo hili kwa pande mbili. Walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, wakituonya jinsi upya unavyopendeza hata pale unapouma. Na tena walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, yaani kamba iliyokwisha kutumika yaweza kufunga mzigo kuliko ukambaa uliosukwa leo. Kamati yetu ilivutwa na methali ya kwanza, nayo haikupata nafasi ya kuitumia ya pili, kwa sababu mfasiri aliiambia kwamba mbele yake kuna upya mtupu.

Wajibu wa walimu na watumishi

Ndugu zangu, mnaweza kuniambia kwamba hasara ya mashine moja ni jambo dogo. Lakini tujiulize ni barua ngapi za Kiingereza hupita mezani petu, zikieleza magari, dawa, mbegu, pampu za maji na vitabu, na ni watu wangapi hutegemea tafsiri zetu ili watoe fedha au waweke sahihi. Mkulima asiyejua Kiingereza hana njia ya kuikagua tafsiri. Anamwamini mtumishi aliyeketi mbele yake. Neno likipungua au likizidi katika kinywa cha mtumishi huyo, atakayelipa ni mkulima.

Kwa walimu nina ombi moja. Msilifundishe neno hili kwa kuliandika ubaoni upande wa kushoto na kuandika "mpya" upande wa kulia. Wapeni wanafunzi vitu: daftari la wiki hii, dawati la miaka mitatu, jengo la shule, ndoo ya jana. Waulizeni ni kipi kingefaa kuitwa "new", ni kipi "newish", na ni kipi "old", na kila mmoja atoe sababu. Watabishana, na katika kubishana kwao watajifunza kwamba neno hili halipimi umri peke yake, bali hupima umri pamoja na matumaini yetu juu ya kitu.

Kwa watumishi nasema hivi. Barua ikisema kitu ni "newish", jalada lisisogee kabla ya maswali matatu kujibiwa: kilitengenezwa mwaka gani, kimetumika kwa muda gani, na kina kasoro gani. Majibu yakipatikana, neno lile halina kazi tena. Yasipopatikana, tutakuwa tumejua jambo kubwa zaidi juu ya muuzaji.

Wala tusiwacheke Waingereza kwa kulegeza maneno yao, maana sisi wenyewe tunalo legevu letu, na tunalipenda mno. Nina maana ya "hivi karibuni". Neno hili hulegeza, na zaidi ya hapo hutazama nyuma na mbele kwa wakati mmoja. Tangazo likisomeka "mabadiliko ya hivi karibuni", msomaji hajui kama mabadiliko yamekwisha kufanyika au yanakuja. Mstaafu anapopokea barua isemayo kwamba shauri lake litashughulikiwa hivi karibuni, yeye huhesabu siku, ilhali aliyeandika hakuhesabu chochote. Akirudi baada ya miezi sita hawezi kumshitaki mtu, kwa kuwa hakuahidiwa tarehe. Kama ilivyo kwa "newish", anayelitumia hakusema uongo. Ila mwenzake ametoka mikononi mwake bila ya kujua lolote. Tukiweza kuandika "kabla ya tarehe 30", tuandike. Tusipoweza, tuseme wazi kwamba tarehe bado haijulikani, na tutaje siku ambayo mwenye shauri arudi kuuliza.

Sisemi maneno legevu yafukuzwe. Mtu akimweleza rafiki yake habari za nyumba ya jirani ana haki ya kusema ni "newish", kwa kuwa hana hati ya ujenzi mkononi, na kukadiria kwake ni uungwana. Maneno haya yana mahali pake, na mahali pake ni pale ambapo hakuna mtu atakayetoa fedha, kupoteza haki yake au kungoja kwa ajili yake.

Namalizia kwa kumrudia mzee wangu yule. Nilipomkiri kosa langu nilimweleza maana ya neno lile kadiri nilivyoweza, nikalizungukazunguka kwa maelezo marefu ya kisarufi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Yaani mashine imekwisha kutumika, lakini haijazeeka. Ungetuambia hivyo, tungekwenda kuitazama kwanza."

Nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi tangu wakati ule, na sijapata tafsiri iliyo bora kuliko hiyo.